Wanaotaka vyeti kwa baruapepe wataje kipimo

NIMESHIKA kalamu leo kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, lakini ambalo lilimnyima binti wa kaka yangu hata nafasi ya kuitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Tangazo lilimtaka kila mwombaji atume kwa baruapepe barua ya maombi, wasifu, nakala ya kitambulisho na vyeti vyote, vikiwa katika faili moja, kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukubwa wa faili haukutajwa. Binti alikwenda kwenye duka la intaneti hapa Mtwapa, kurasa zake 19 zikaskaniwa kwa rangi, akalipa, akatuma. Faili ilikuwa ya megabaiti 16. Iliondoka bila kipingamizi, naye akarudi nyumbani moyo umetua. Usiku alipofungua simu alikuta ujumbe mrefu wa Kiingereza, umejaa tarakimu, ukisema kwamba seva ya huko haipokei kitu kinachozidi megabaiti 10.

“Ami, imerudi,” akaniambia. Asubuhi alipopiga simu alijibiwa kwamba maombi yaliyochelewa hayashughulikiwi.

Binti hakuchelewa. Alibisha hodi mapema kwenye mlango ambao wenyewe hawakusema upana wake. Zamani ulipopeleka bahasha nzito posta, karani aliiweka kwenye mizani mbele yako, akakuambia uongeze stempu, ukaongeza palepale. Baruapepe haina karani. Ina mipaka miwili, wa anayetuma na wa anayepokea, na mtumaji huujua wa kwake tu, tena akibahatika. Gmail huruhusu ujumbe wa hadi megabaiti 25, ilhali ofisi nyingi zenye seva zao huweka mpaka wa chini zaidi.

Isitoshe, faili hunenepa njiani. Kanuni za kusafirisha baruapepe zilizoandikwa mwaka 1982 zilikuwa za maandishi matupu. Utaratibu wa viambatisho uliowekwa mwaka 1992 ulilazimika kuigeuza picha iwe herufi kabla ya kuisafirisha, na kila baiti tatu huwa herufi nne. Kwa hivyo zile megabaiti 16 za binti zilifika kwenye mlango wa wenyewe zikikaribia 22. Ni mwombaji gani wa kazi atarajiwaye kuyajua haya?

Kuna watakaosema kwamba angeiweka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama vile Google Drive, kisha akatuma kiungo. Nakubali kwamba hiyo ndiyo njia nyepesi kwa vitu vikubwa. Lakini tangazo lilidai kiambatisho, na ziko ofisi zinazowakataza watumishi wao kufungua viungo kutoka kwa wasiowajua, kwa kuogopa matapeli, siwalaumu. Tena kiungo nacho kina hila zake. Mwenye faili akisahau kutoa ruhusa, mpokeaji huambiwa aombe kibali, na karani mwenye maombi mia mbili mezani hataomba. Akiifungua kwa kila mtu, nakala ya kitambulisho chake inabaki wazi kwa yeyote atakayekipata kiungo hicho. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, nayo haikutungwa ili tuwalazimishe vijana kuanika vitambulisho vyao.

Wenye maduka ya intaneti nao wana sehemu yao. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa kila inchi, huwa takriban megabaiti 25 kabla ya kompyuta kuubana. Ukiskaniwa kwa rangi ya kijivu hupungua hadi thuluthi. Ukishushwa hadi nukta 150 hupungua tena hadi robo ya hapo, na cheti bado kinasomeka vizuri. Kazi hii haimchukui mhudumu hata dakika moja. Badala yake wengi huifunga faili ileile ndani ya zipu wakidhani wameipunguza, hali picha zilizomo zimekwisha kubanwa na hazibaniki tena.

Hata hivyo, mzigo mkubwa ni wa anayeomba nyaraka. Ninawasihi waajiri, vyuo na wenye kutangaza zabuni waandike kipimo ndani ya tangazo lenyewe, na waseme wazi kwamba mtu anaweza kugawa faili katika barua tatu zenye namba. Wenye uwezo waweke ukurasa wa kupakia nyaraka moja kwa moja, unaomwambia mtumaji papo hapo kwamba faili imezidi. Jambo hili si geni kwetu: Mahakama ilianza kupokea kesi kwa njia ya mtandao jijini Nairobi mnamo Julai 1, 2020. Na pale ambapo mwombaji ana ujumbe wa kukataliwa wenye saa na tarehe ya kabla ya muda kwisha, apewe siku moja atume upya. Ujumbe huo ni ushahidi tosha kwamba alifika.

Binti wa kaka yangu anao wake. Ulitoka saa kumi na dakika kumi na mbili, na aliuchapisha akautia katika bahasha moja na vyeti vyake.