Mnunuzi Alipe ili Atangaze Duka?

Fundi wa nguo akikushonea suruali vizuri, utamtangaza bila kuombwa. Ndugu yako atakuuliza nani ameishona, nawe utamwonyesha nyumba yake. Fundi akikupunguzia bei kwa sababu umemletea mtu, si vibaya: feza ile inatoka katika kazi yake, katika sindano na uzi. Tena mama akinunua kitenge chenye jina la duka na kukivaa sokoni, amelipa, naye anatangaza. Lakini kitenge anacho. Nani amedanganywa?

Siku hizi wenye maduka wengine, wauza sabuni na dawa za unga, wanafanya namna nyingine kabisa. Wanakungoja nje ya kanisa baada ya Misa, wanasema: «Usinunue tu, ujiandikishe! Lipa kiingilio, leta watu watano, nao kila mmoja alete watano. Utapata sehemu katika feza ya wote.» Kama sabuni inatoa uchafu, hakuna anayeuliza tena.

Basi, shikeni kalamu. Mstari wa kwanza ni watu 5, wa pili 25, wa tatu 125. Mstari wa 10 unataka watu 9,765,625. Mstari wa 12 unataka 244,140,625, nasi katika Kongo nzima, pamoja na watoto wachanga, hatufiki hesabu hiyo. Tena, popote mchezo unaposimama, karibu watu 4 katika kila 5 wako katika mstari wa mwisho. Hao wamelipa, wala hawakupata mtu wa kumleta. Kiingilio chao ndicho kilichowalipa wa juu.

Watu watanijibu: «Mwalimu, hii ni likelemba tu.» Sivyo! Katika likelemba mama 10 wanatoa faranga 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 100,000. Zamu zikiisha, kila mmoja amepata zake. Hawahitaji mama wa 11. Wazee wa Kinshasa wanakumbuka Bindo Promotion: watu waliweka feza yao, wakaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi, na mwaka 1991 yote ikaanguka. Pale hapakuwa hata na sabuni.

Kinachonikasirisha zaidi ni hiki: mwenye duka hajitafutii watu mwenyewe. Anatumia uso wako. Wewe ndiwe unayekwenda kwa shemeji, kwa mama wa ubatizo, kwa jirani aliyekuuguza. Nao wanalipa kwa sababu ni wewe, si kwa sababu ya sabuni. Feza ikipotea, hawamdai yeye. Mjane mmoja wa mtaa wetu alilipa kwa feza ya masomo ya mtoto wake, akamleta dada yake. Leo dada hao wawili hawasalimiani.

Mtu akikujia na karatasi za kujiandikisha, umuulize neno moja: «Nisipoleta mtu hata mmoja, nitapata nini kwa feza yangu?» Akikuonyesha kitu chenye thamani ya feza hiyo, nunua ukitaka. Akianza kukuhesabia ndugu zako, funga mfuko.

Nawe mwenye duka, unayesoma gazeti hili kama sisi, mrudishie mjane yule kiingilio chake. Sanduku la sabuni bado liko chini ya kitanda chake. Tuma mtu alichukue.