Mama mwenye nyumba aliikataa meme yangu

Makamanda, nikiri kwanza: meme yangu ya kwanza ilibuma. Nilikesha nayo. Sura ya kiongozi mmoja, maneno mistari minne, bendera ya chama chini. Kwenye magrupu yetu ilipigiwa makofi. Nje ya hapo, kimya.

Ya pili niliipiga njiani baada ya mvua: bajaji imezama nusu kwenye dimbwi mtaani kwetu huku Chamazi, abiria kakunja suruali, sura haionekani. Nikaandika, "Pantoni la Kigamboni limehamia Chamazi." Jioni ikanirudia kutoka kwa watu wa Mbande nisiowajua kabisa. Tamaa ikaniingia, nikaitoa upya, safari hii na bendera. Ikafia palepale. Mama mwenye nyumba wetu akaniambia kavukavu: "Mwanangu, ile ya mwanzo niliirusha kwenye grupu la kikoba. Hii yenye bendera utaniponza."

Si mwoga yule mama. Alipiga hesabu ambayo mimi ninayesoma sheria sikuipiga. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinagusa hadi picha na alama: ukichapisha taarifa unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, faini haipungui milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Na hata kama hujadanganya mtu, bado unaweza kusumbuliwa. Idris Sultan alihojiwa na polisi 2019 kwa picha aliyobadilishana sura na Rais Magufuli. Mei 2020 akashikiliwa tena, kisa video akiicheka picha ya zamani ya rais. Alipofikishwa mahakamani, shtaka likawa la usajili wa laini ya simu! Huyo ni mchekeshaji anayejulikana nchi nzima. Mama wa kikoba ana nani?

Ndiyo maana nawabishia wanaoamini tukitukana zaidi tutatrendi zaidi. Inauma kusema, ila moja ya meme kubwa kuwahi kutoka nchini kwetu, ile ya WhatWouldMagufuliDo ya Novemba 2015, ilimjenga rais wa CCM. Haikuhitaji nembo. Mtu alichukua kitu cha nyumbani kwake, akaonyesha kituko cha kubana matumizi, akarusha. Hadi Wakenya wakaidaka.

Pendekezo langu kwa wenzangu wa mitandao: sura za watu tuziache kwa sasa. Tupige dimbwi, foleni ya ndoo, abiria wanaoingilia dirishani pale Rangi Tatu. Vitu vya kweli ambavyo hata mwana CCM anavipitia kila asubuhi. Bendera tutaipeleka wenyewe, mlango kwa mlango.

Kuna watakaosema huu ni woga. Sawa, waje na jibu la swali moja: polisi wakimchukua mtu aliyesambaza picha yetu, wakili wake analipwa na nani? Msinitazame mimi, bado sijaruhusiwa kusimama mahakamani.