Uchambuzi wa wachezaji usizikwe kwenye soga

Mchezo wa video wa Doom wa mwaka 1993 ulirekodi uchezaji bila picha: faili lilihifadhi amri za mchezaji tu, likawa dogo ajabu. Rekodi hizo bado zinachezeka.

Na maoni ya watazamaji je? Kwenye TASVideos, tovuti ya rekodi za michezo iliyoanza 2003, kila rekodi inayowasilishwa hujadiliwa hadharani, na hoja za zamani zinasomeka hadi leo. Discord, programu ya soga iliyozinduliwa 2015, ina raha yake: jibu huja papo hapo. Lakini Google haichunguzi mazungumzo ya humo, hivyo mgeni huuliza yaliyokwisha kujibiwa.

Hata video zenyewe haziko salama: Aprili 2025 Twitch, jukwaa la kurusha michezo mubashara, iliweka kikomo cha saa 100 kwa video teule (highlights) za kila chaneli. Wanaoshindania kumaliza michezo haraka walilalamika, na walikuwa na haki.

Wasimamizi wa vikundi wanakili uchambuzi bora nje ya soga, tena sasa.