Mabati yakiuma, usiseme ni kawaida

Jumamosi iliyopita, kwenye avenyu moja ya hapa kwetu Ndosho, mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alinionyesha kamba yake ya kuanikia nguo. Ni waya wa chuma. Upande mmoja umefungwa kwenye mti, upande mwingine kwenye ukuta wa mabati wa duka lililo mbele ya chumba anachopanga. Aliniambia: "Papa, nikianika nguo zimeloa, hii waya inauma. Watoto nimewakataza kuigusa."

Nikamwuliza kama amemwambia mwenye parseli. Akajibu: "Nilimwambia. Alisema ni kawaida, umeme wa Goma ndivyo ulivyo."

Ndugu wasikilizaji, si kawaida. Mabati yanayouma yanatuambia kwamba umeme umetoka njiani na unatafuta mtu wa kupita ndani yake. Leo ameumwa kidogo kwa sababu alivaa kandambili. Siku ya mvua, mtoto akiwa miguu peku, tutakuwa tunasema mengine.

Nilizunguka mbele ya parseli ile. Kuna milango mitano ya biashara: saluni, duka lenye friji ya vinywaji, kijana anayechaji simu, fundi wa kuchomea vyuma na mashine ya kusaga mahindi. Mita ni moja. Kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye mita, kila mpangaji amechuna ganda, akafunga waya wake na kuzungushia skochi. Hakuna aliyeweka disjonkteri yake. Waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, sikuuona hata mmoja. Parseli za namna hii ni nyingi katika kartie yetu, na mimi nasema wenye parseli ndio wa kwanza kuwajibika.

Tuanze na zile nyaya za kuunganisha. Waya mkubwa pale ni wa milimita 10, na disjonkteri ya kwenye mita ni ya ampea 40. Waya wa saluni ni wa 1.5, ambao haufai kubebeshwa zaidi ya ampea 16. Mashine moja ya kukausha nywele ya wati 2,000 inavuta kama ampea 9. Weka mbili, ongeza na birika la umeme, umefika 27. Disjonkteri ya 40 haioni kosa lolote, kwa sababu kazi yake ni kulinda ule waya mnene. Waya mwembamba unapata moto, ganda linayeyuka, na nyuma yake ni ubao. Sisi wa Goma tunajua moto unavyoruka kutoka nyumba ya mbao hadi nyingine.

Kwa hiyo kanuni ni hii: waya mwembamba ukitoka kwenye waya mnene, lazima uwe na disjonkteri yake inayolingana na unene wake. Kwa 1.5 ni ampea 16, kwa 2.5 ni ampea 20. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kuiweka hadi mita 3 kutoka mahali waya ulipounganishwa, lakini kwa masharti: kipande hicho kisitoe tawi jingine, kikingwe vizuri, na kisipite karibu na kitu kinachoshika moto. Hapa kwetu ubao uko kila upande. Basi iwekwe palepale kwenye maungio, ndani ya sanduku, na skochi itupwe.

Sasa waya wa ardhi. Ndani ya friji, waya wenye umeme ukichubuka na kugusa bodi ya chuma, bodi nzima inakuwa na umeme. Friji ikigusa mabati, mabati nayo yanabeba, mpaka kwenye kamba ya nguo ya yule mama. Kama bodi imefungwa kwa waya unaokwenda ardhini, umeme unapata njia nyingine kabla ya kumpata mtu.

Hapa mafundi wetu wanajibu: "Goma ni makoro, fimbo ya shaba haiingii." Ni kweli. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, na mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Lakini hiyo ni sababu ya kufanya kazi zaidi, si ya kuiacha. Fikiria ardhi yenye ukinzani wa om 400. Umeme wa volti 220 utakaopita pale ni kama nusu ampea tu. Disjonkteri ya ampea 16 haitakata kamwe, na friji itaendelea kuuma usiku na mchana.

Ndiyo maana katika mji wa makoro waya wa ardhi peke yake hautoshi. Inatakiwa pia ile disjonkteri ambayo mafundi wanaiita difransieli, ya miliampea 30. Yenyewe inapima umeme unaokwenda na unaorudi. Kikipotea kidogo tu njiani, inakata. Hata ardhi ya om 1,000 inatosha kuifanya ikate mara moja. Lakini ukiiweka bila waya wa ardhi, itasubiri mpaka mtu aguse ndipo ikate. Viwili hivyo vinakwenda pamoja.

Na fimbo isipoingia, kuna njia nyingine: kuchimba mfereji kuzunguka nyumba, kulaza waya wa shaba usio na ganda wa milimita 25, na kuufunika kwa udongo wenye unyevu badala ya mawe. Wanaojenga sasa waulaze wakati wa kuchimba msingi, kazi itakuwa rahisi zaidi.

Jambo moja mafundi wengi wanalikosea. Milango mitano isiwe na ardhi tano tofauti. Parseli iwe na waya mmoja mkuu wa ardhi, na kila duka lichukue tawi lake kwa kibano, bila kuukata ule mkuu. Ukiukata ili kuingiza duka la kwanza, siku fundi akilifungua duka hilo, manne yaliyobaki yatakosa ardhi bila wenyewe kujua. Tena waya wa ardhi hauwekwi fyuzi wala swichi.

Mwisho, swichi kuu. Katika parseli ile imefungiwa ndani ya duka la vinywaji, na mwenye duka halali pale. Moto ukiwaka saa nane za usiku, nani atakata umeme? Iwe mahali ambapo kila anayelala parselini anaweza kuifikia, pamoja na familia zinazopanga nyuma.

Najua watu watasema kipindi hiki si cha kuzungumzia nyaya. Tulikaa gizani siku za mapigano ya Januari 2025, na umeme uliporudi kila mtu alikimbilia kuunganisha. Familia nyingi zilizotoka kambini sasa zimebanana kwenye vyumba vya nyuma ya maduka. Kwa sababu hiyohiyo hatari imeongezeka. Na tusisahau soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022: waya mkubwa ulikatika ukaangukia soko lililojaa maji ya mvua, watu 26 wakafa, wengi wao mama wauzaji. Kule kosa lilikuwa juu kwenye nguzo. Kwetu liko ukutani, na kulirekebisha tunaweza wenyewe.

Tuna bahati ambayo kartie nyingi za Kongo hazina. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa makampuni binafsi, na leo Goma inapata umeme wa maji ya Matebe, Rutshuru. Hapahapa Ndosho pana mtambo wa jua wa megawati 1.3 uliowashwa mwaka 2020. Basi naomba makampuni yote yanayouza umeme mjini: msiwashe mita ya biashara kabla fundi wenu hajapima ardhi na kuona difransieli. Mkikuta kasoro, toeni muda wa kurekebisha. Msikate tu na kumwacha maskini gizani.

Kwa wenye parseli: gharama hii ni yenu, kama vile paa ni lenu. Mnapokea kodi za milango mitano; kazi hii mnailipa mara moja. Msimpelekee bili mpangaji, hasa aliyekimbia vita. Na mashefu wa avenyu, mnapopita kwa ajili ya salongo, ulizeni pia swichi kuu iko wapi.

Kwenu wapangaji: mabati yakiuma, msiyaguse tena, ombeni umeme ukatwe, mwiteni jirani awe shahidi, na msikubali kuambiwa ni kawaida.

Yule mama ameshaondoa waya wa chuma na kufunga kamba ya nailoni kati ya miti miwili. Ukuta bado unauma.