Nyama ya Puani Haiponi kwa Kisu Peke Yake

Mkaazi wa Kakontwe, hapa Likasi, juu ya jabali la mawe ya chokaa ambalo wataalamu wa miamba wamelisajili vitabuni kwa jina la mahali hapa, hahitaji kufahamishwa vumbi ni kitu gani; kwani tangu mvua zikatike hata zirudi mwishoni mwa mwaka, unga mweupe wa mawe yachimbwayo na kusagwa huungana na moshi wa nyasi zinazochomwa maporini, na wa makala ya mbabula, hata mtu huamka asubuhi pua imeziba akasema ni mafua, na mafua yasipokwisha baada ya miezi mitatu husema ndiyo hali ya nchi yetu, kisha akazoea. Miongoni mwa hao wazoefu wamo walioota nyama puani, na hao ndio ninaowasemea leo, kwa kuwa matibabu tunayowapa aghalabu huwarudisha pale pale walipotoka.

Nyama hizo, ambazo si saratani, ni utando wa ndani ya pua na wa mapango yaliyo baina ya macho, uliovimba, ukajaa maji, ukashuka kwa uzito wake hadi ukaziba njia ya hewa. Ukizitazama kwa taa utaziona zimepauka na kuteleza mfano wa kokwa ya marakuja ndani ya ute wake. Wala zisichanganywe na zile tezi za nyuma ya pua ambazo humfanya mtoto akorome usiku na kulala kinywa wazi, ingawa watu huziita zote kwa jina moja. Nyama ninazozizungumzia ni maradhi ya watu wazima zaidi, na dalili yake kubwa ni kupotea kwa harufu: mtu haisikii sombe jikoni, hajui kwamba bukari imeungua, na, la hatari zaidi, hautambui moshi mpaka moto umekwisha kushika.

Asili yake ni nini? Ukizipima nyama hizo, kwa wagonjwa wengi utazikuta zimejaa chembe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizibainisha mwaka 1879. Chembe hizo ni askari ambao mwili umewaandaa kupigana na minyoo. Zikikusanyika puani pasipo mnyoo wa kupigwa, humwaga sumu zao juu ya utando wetu wenyewe, na utando huo hubaki katika mwako usiozimika. Kwa ajili hiyo tabibu wa nchi yenye minyoo kama yetu asihukumu haraka aonapo eosinofili nyingi katika damu ya mgonjwa, bali atafute kwanza kilicho tumboni.

Hapa ndipo watu wanapokimbilia kusema kwamba jambo lote ni mzio, yaani aleji. La. Wengi wenye mzio, wapigao chafya kwa vumbi la godoro au kwa mende, hawaoti nyama umri wao wote, na wengi walioota nyama hupimwa ngozi wakaonekana hawana mzio wowote. Hata hivyo mambo haya mawili ni ya ukoo mmoja. Mwaka 2001 Claus Bachert wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walidhihirisha kwamba ndani ya nyama zenyewe kunaweza kupatikana kingamwili za mzio zilizoelekezwa kwa sumu za bakteria ya stafilokoka, hata kwa mtu ambaye ngozi yake haikuonyesha kitu. Mzio ukiwapo huchochea mwako. Kutokuwapo kwake hakuuzimi.

Na vumbi letu je? Sisemi kwamba linaotesha nyama, kwani dai la namna hiyo lataka ushahidi. Lakini chokaa iliyochomwa, ikikutana na unyevu, hupata moto na kuunguza, na unyevu wa pua hautofautiani kwa hilo na unyevu wowote mwingine; basi utando uliokwisha kuwaka ukipakwa unga huo kila siku utatuliaje? Mwenye kuajiri watu wa kuvunja mawe anawajibika kuyalowesha kwa maji na kuwapa barakoa za kuzuia vumbi. Kitambaa kifungwacho usoni hakitoshi.

Kisu, kwa haki yake, ni tiba ya kale na ya heshima. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki takriban mwaka 1013, alieleza katika Kitab al-Tasrif namna ya kuivuta nyama kwa kulabu na kuikata, na jinsi ya kupitisha uzi wenye mafundo kutoka puani hadi kooni ili ukwangue yaliyobaki. Leo daktari wa pua huingiza kamera nyembamba akakata kwa uangalifu ambao Zahrawi hakuujua. Ila utando uliobaki ni ule ule, na mwako wake ni ule ule, na kwa hiyo nyama hurudi kwa wengi. Mtu wa Kakontwe aliyeuza mali yake afike Lubumbashi, safari ya kilomita 120 na zaidi, akakatwa, akarudishwa nyumbani bila dawa ya kila siku, ametendewa nusu ya tiba kwa gharama kamili.

Nusu ya pili ni dawa ya kupuliza puani yenye kotikosteroidi, kama vile budesonide, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Siombi zile sindano mpya, kama dupilumab iliyokubaliwa Ulaya na Marekani mwaka 2019 kwa maradhi haya, maana bei yake haisemeki mbele ya mchimbaji. Naomba chupa ndogo ya kupuliza. Badala yake mgonjwa hupewa antibiotiki juma hili na juma lijalo, au hudungwa dexamethasone mara kwa mara, akanusa kwa siku chache na kufurahi, ilhali dawa hiyo ikikaririwa mwilini hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na yaweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala.

Aidha iko hadhari ambayo kila muuza dawa aijue. Mwaka 1922 Fernand Widal wa Paris na wenzake walieleza habari ya mtu mwenye nyama puani na pumu ambaye aspirini ilimletea shambulio kali la kifua. Watu wa namna hiyo wapo, na ibuprofeni au diklofenaki yaweza kuwadhuru vivyo hivyo. Basi anayekuja dukani kununua dawa ya kichwa aulizwe kwanza: una pumu, na pua yako huziba daima? Na ambaye nyama yake iko tundu moja tu, au inatoa damu, asipewe dawa ya kupuliza akaambiwa asubiri. Apelekwe kwa daktari wa pua upesi, kwa kuwa huenda hiyo ni uvimbe wa aina nyingine.

Serikali ya jimbo na makampuni yachimbayo mawe na shaba Likasi yana zahanati na yana wauguzi. Chupa hizo ziwekwe humo kabla ya kiangazi kijacho, na muuguzi amfundishe kila mgonjwa kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kidogo, ainamishe kichwa mbele, apulize kuelekea upande wa sikio wala si katikati ya pua, na aendelee kila siku, hata baada ya harufu kurudi.