Tulimwapia Rais Kila Asubuhi, Kisha Tukaulizwa Sisi ni Nani



Hebu nikurudishe nyuma, kabla hujazaliwa. Mwaka ni 1984, Kibera, upande wa Makina. Kengele inalia, tunakimbia mstarini. Darasa la kwanza mbele, la saba nyuma. Skauti wawili wanapandisha bendera. Mwalimu wa zamu anapita katikati ya mistari, fimbo kwapani, anakagua kucha na viatu, kwa wale wenye viatu. Tunaimba wimbo wa taifa. Halafu mkono wa kulia unapanda kifuani, na watoto mia kadhaa wanaanza kutoa ahadi ya uaminifu kwa Kiingereza, kwa sauti moja, vilevile tulivyokuwa tukisoma Juzuu Amma madrasa jioni.

Tofauti ni kwamba madrasa ustadhi alikuwa anatuambia maana.

Ahadi hii hatukuielewa, nakwambia ukweli. Kule mwishoni kulikuwa na neno moja refu ambalo likifika shule nzima inalimung'unya, kisha tunakutana tena mbele tukiwa na nguvu mpya. Mimi kwa muda mrefu niliamini Nyayo ni jina la maziwa, kwa sababu ndiyo tuliyoyajua, maziwa ya Nyayo ya bure ya zile pakiti za pembe tatu. Nikisema niko tayari kwa Nyayo, nilikuwa namaanisha kabisa!

Nilikuja kuyaelewa yale maneno nikiwa mkubwa. Sikia mpangilio wake. Kwanza unaahidi uaminifu wako kwa Rais. Taifa linakuja baada yake. Kisha unaahidi kuwa tayari kuilinda bendera, kisha unatoa uhai wako, nguvu zako na utumishi wako kwa kujenga taifa, na unamalizia na Harambee na falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja. Mtoto wa miaka saba, hajui bado kufunga kamba za viatu, ameshatoa uhai wake kabla ya saa mbili asubuhi.

Mwaka 1988 baba alipata kazi ya ulinzi upande wa Lavington, tukahamia Kawangware ili aweze kwenda kazini kwa miguu. Shule mpya, watoto wengine. Kibera nilizoea darasa ambalo nusu ya majina ni Juma, Ramadhan na Halima. Kawangware Waislamu tulikuwa wa kuhesabika, wengi walikuwa Wakikuyu na Waluhya. Lakini asubuhi ya kwanza pale mstarini nilijisikia nyumbani, maana ahadi ilikuwa ileile, na wallahi hata lile neno refu walikuwa wanalimung'unya palepale. Nikapata rafiki wa deski moja. Tulikaa pamoja mpaka darasa la nane, tukaenda sekondari moja, na mpaka leo ni rafiki yangu. Mshike huyo akilini, nitamrudia.

Wako wanaosema ile ahadi ilituunganisha. Sikatai moja kwa moja. Pale mstarini hakuna aliyeniuliza kabila langu, na Nairobi ile, kama hii ya leo, hapakuwa na mahali pengi pa namna hiyo. Kama ahadi ingekuwa ya sisi kwa sisi, jirani kwa jirani, labda ningemfundisha binti yangu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ya mtoto kwa mtu mmoja aliyekaa Ikulu.

Mwaka huohuo wa 1984 nilioanza shule, mwezi wa Septemba, Rais Moi alirudi kutoka Addis Ababa akawaambia mawaziri na kila mtu mwingine waimbe kama kasuku anachoimba yeye, kama yeye alivyofanya wakati wa Kenyatta. Alisema hadharani, bila aibu. Na miezi saba kabla ya hapo, Februari, wanaume wa jamii moja ya Wasomali kule Wajir walikusanywa na wanajeshi wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika hayo, kaisome. Shule za Wajir nazo zilikuwa na mlingoti na ahadi ileile ya amani, upendo na umoja. Mimi huwaza mtoto ambaye baba yake hakurudi, Jumatatu inayofuata, mkono kifuani.

Hapa mjini kulikuwa na Nyayo House. Leo unaenda pale kutafuta pasipoti. Miaka ile, vyumba vya chini vya jumba hilohilo vilikuwa vya kutesea watu waliosemekana si waaminifu. Jina la kwenye jengo na jina la kwenye ahadi ni moja.

Sisi Waislamu hatupaswi kushangaa kwamba uaminifu una masharti. Sayyidna Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, siku aliposhika uongozi baada ya Mtume (SAW) aliwaambia watu wamtii maadamu yeye anamtii Allah na Mtume wake, na akipotoka wamnyooshe. Yeye ndiye aliyekuwa akipewa ahadi, na yeye ndiye aliyeiwekea mpaka. Sasa linganisha na watoto wa Kibera wanaochapwa kwa kuchelewa kumwahidi mtu ambaye hajawaahidi kitu.

Turudi kwa rafiki yangu wa deski. Mwaka 1995 tulitimiza miaka 18, tukaachana miezi miwili. Tulienda pamoja kuomba kitambulisho, afisi moja, foleni moja, yeye mbele mimi nyuma. Yeye aliulizwa jina la baba, kijiji cha nyumbani, akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Akarudi, akapewa.

Mimi karani alisoma jina, akaniangalia, akasema, "Wewe simama kando."

Kando kulikuwa na vijana wengine. Majina yao nayo ungeyatambua. Tukaambiwa turudi na cheti cha kuzaliwa cha baba. Nikapeleka. Nikaambiwa kitambulisho cha babu. Babu alikuwa amekufa, kitambulisho chake kilizama na sanduku lake kwenye mafuriko. Nikaambiwa nipite mbele ya wazee wa kupiga watu msasa. Wazee wakaniuliza Kinubi, nikajibu. Wakaniuliza tulizikwa wapi, nikawaonyesha. Mwishowe nikaambiwa nilete hati ya kiapo kwamba mimi ni Mkenya. Kiapo tena! Nilikuwa nimeapa kila asubuhi miaka minane nzima, kwa sauti, mbele ya walimu wa serikali, na hakuna aliyeniambia nisimame kando kwanza wahakikishe mimi ni wa hapa.

Ilinichukua miaka miwili na nusu. Ndani ya muda huo sikuweza kuandikwa kazi ya maana. Nililala rumande mara mbili kwa kukosa kipande. (Neno lenyewe kipande tumelirithi kutoka ile karatasi ambayo mkoloni aliwavisha babu zetu shingoni ndani ya mkebe, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Na uchaguzi wa Desemba 1997 ukanipita hivihivi. Nilimwapia Moi utoto wangu wote, na siku ya kumpa kura au kumnyima, sikuwa na karatasi ya kunisimamisha kwenye foleni. Rafiki yangu alipiga. Sikumuuliza alimpigia nani.

Kama hujui historia ya Wanubi, ni hii kwa ufupi. Waingereza waliwaleta babu zetu kama askari, wengi asili yao Sudan, wakapigana chini ya King's African Rifles vita viwili vya dunia. Babu yangu alikuwa Burma. Walipewa kukaa Kibra, msitu wa ekari zaidi ya 4,000, bila hati. Babu aliapa kwa Mfalme George, na sitajifanya kwamba hilo lote ni la kujivunia, maana bunduki ile ilielekezwa pia kwa Waafrika wenzetu. Ila kitu kimoja huwezi kusema juu ya watu hawa ni kwamba hawakuwahi kuapa. Wameapa kwa kila aliyekuja. Ardhi ikaendelea kukatwa pembeni, mpaka Juni 2017 ndipo jamii ikapewa hatimiliki, ya ekari 288.

Na kuhusu watoto, si mimi peke yangu ninayelalamika. Mwezi wa Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika inayosimamia haki za mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na kesi yenyewe ilikuwa ya watoto wa Kinubi wa Kenya. Ikasema kuwaacha watoto wasubiri hadi miaka 18 ndipo waanze kuhangaikia uraia ni kuvunja haki zao. Fikiria, kamati ina Afrika nzima mbele yake, na jambo la kwanza inaloamua ni letu sisi watoto wa pale mstarini.

Sasa wewe. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mna miaka 17, 18, na uchaguzi wa 2027 uko mlangoni. Mnaniandikia mkiniuliza, "Nimeambiwa nije na babu, nifanyeje?" Mapema mwaka 2025 Rais Ruto alikuwa Wajir akatia saini tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada, na lilizungumziwa zaidi kama jambo la kaunti za mpakani. Nimefurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa Wajir, Garissa na Mandera. Lakini niambie, Kibera imepakana na nchi gani? Imepakana na uwanja wa gofu. Na tangazo, hata zuri, karani anaweza kusema halijamfikia.

Katiba imemfikia. Wakati wangu haikuwepo, wewe unayo. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Haki, si zawadi ya mwenye muhuri. Kifungu cha 47 kinasema afisi ya serikali ikichukua hatua inayoumiza haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Basi ukiambiwa "simama kando", simama kwa adabu, usitukane mtu, halafu omba hiyo sababu iandikwe, iwe na tarehe na jina la aliyeandika. Nimeona makarani wakikumbuka ghafla kwamba faili yako ilikuwa pale mezani muda wote. Wakikataa kuandika, andika wewe palepale, siku, saa na walichosema, kisha utuletee. Usitoe kitu kidogo. Ukitoa, ujue mdogo wako naye ataombwa, na bei itakuwa imepanda.

Na ukiwa na hiyo Katiba mkononi, angalia kifungu cha 9 kinachotaja alama za taifa. Utakuta bendera, wimbo wa taifa, nembo na muhuri wa umma. Ahadi ya uaminifu kwa Rais haimo. Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aidumishe na kuitetea Katiba, na Rais mwenyewe kabla ya kukalia kiti anaapa kwayo. Yaani siku hizi yeye ndiye anayesimama mstarini.

Tarehe 25 Juni 2024 niliwaona vijana wenzenu mjini, wengine wametoka Kibera kwa miguu, bendera mabegani, wakiimba wimbo wa taifa. Hapakuwa na mwalimu wa zamu. Hakuna aliyewafundisha kuweka mkono kifuani na wengi waliuweka. Wapo ambao hawakurudi nyumbani siku ile. Sijui wazazi wao waliulizwa karatasi gani pale mochari.

Binti yangu yuko darasa la pili, hapahapa Kawangware. Anaimba wimbo wa taifa vizuri, kwa Kiswahili, na maana yake anaijua. Tangu alipozaliwa nina bahasha ya kaki kabatini. Ndani mna cheti chake cha kuzaliwa, changu, cha mama yake, kitambulisho cha marehemu baba, na nakala ya barua ya jeshi ya babu ambayo shangazi aliipata Makina chini ya godoro. Kila mwaka nafungua nahakikisha mende hawajala.

Rafiki yangu wa deski ana watoto watatu, mkubwa anatimiza 18 mwaka huu. Juzi nilimuuliza karatasi za babu yake anaziweka wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, akasema, "Za nini?"