MNILI: TUANZIE BUSTANI YA MAUA, SHAMBA LINGOJE



Siku hizi maneno ni mengi juu ya mnili, mmea unaotoa nili, ile rangi ya buluu ya kaniki za bibi zetu. Wapo wanaotaka kila mwanachama atenge ekari nzima, eti wanunuzi wa Tunduma watagombania mzigo. Sisi tunasema hapana. Tuanzie bustani ya maua mbele ya nyumba.

Kwanza, rangi hii imeshawaangusha wengi. Wakulima wa Ulaya walikuwa na mmea wao wa buluu. Nili ya Bara Hindi ilipoingia kwa wingi, soko lao likafa. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ikaanza kuuza nili ya kiwandani, na mashamba ya Bara Hindi nayo yakaporomoka. Hata jinzi za mitumba tunazonunua Tunduma, buluu yake ni ya kiwandani. Jamani, jembe litashindana na kiwanda kwa bei?

Pili, zao la amri halina baraka. Kule Champaran, Bara Hindi, wakulima walilazimishwa kulima nili sehemu 3 katika kila 20 za shamba. Gandhi alikwenda kuwatetea mwaka 1917, na mwaka 1918 sheria ikafuta mtindo huo. Kwetu pia, pamba ya kulazimishwa ilichangia kuwasha vita ya Maji Maji mwaka 1905. Ushirika wetu usije ukafanya ya mkoloni.

Basi tuutupe mnili? La! Ni mmea wa Afrika hii hii, wa jamii ya kunde, na unarutubisha udongo. Kila nyumba inayopenda ipande miche 10 hivi kando ya maua. Mbegu ichukuliwe kwa mtu anayeujua mmea wenyewe, maana porini ipo inayofanana nao isiyo na rangi, na mingine hudhuru mifugo. Ganda la mbegu ni gumu: isugue kwa mchanga, kisha iloweke usiku mmoja. Ipande mvua zikishika, penye jua, pasipotuama maji. Palilia mapema, kwani mche mchanga hushindwa na magugu.

Ukianza kutoa maua, kata matawi, loweka majani kwenye ndoo kama siku moja. Toa majani, kisha yapige maji yale kwa mti mpaka yageuke buluu. Acha yatulie, mwaga maji ya juu. Tope la chini ndiyo nili. Hapo ndipo utajua hesabu: majani mabichi kilo 100 hayatoi hata kilo 1 ya nili safi. Kwa hiyo anayeota kuuza majani kwa gunia anajidanganya. Kama faida ipo, itakuwa kwa anayetia rangi kitambaa kwa mkono wake na kukiuza kwa mtu anayethamini kazi hiyo.

Tunapendekeza mkutano mkuu usiamue lolote juu ya ekari mpaka msimu huu uishe. Waliopanda bustanini waje na nili yao, waseme mbele ya wote wamepata kiasi gani na wametumia siku ngapi. Kwa sasa mahindi na kahawa visiguswe. Watoto hawali rangi.

Ushirika ni nguvu, lakini nguvu bila hesabu ni hasara.